Cate Ahesabiwe Wapi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Levi uketi, kwa maana maneno niliyo nayo hayasemwi kwa mtu aliyesimama mlangoni kama anayengoja kuitwa kwingine. Madaktari wa Homa Bay wamesema nirudi nyumbani nikapumzike, na mimi si mtoto, najua mgonjwa wa umri wangu akiambiwa akapumzike maana yake ni nini. Sina hofu. Nimekula miaka yangu, nimemzika mume, nimemlilia binti aliyezikwa mbali nisikokuona, na bado Mungu sijamdai neno. Pauline, wewe mke wa Levi ndiye unayejua mgongo wangu unauma wapi, niwekee mto hapo, na huo uji uache kwanza. Nitaunywa nikimaliza, na nisipoumaliza wape kuku.

Leo nitasema Kiswahili. Najua wewe Levi na mdogo wako Maxwell mmezoea niwaseme kwa Dholuo, na nikikasirika kwa Kikuria cha kwetu, lakini humu ndani yumo mtu aliyevuka bahari kuja kuniona, na Kiswahili ndicho mama yake alichomfundisha jikoni kwao Oklahoma, akakijua kama mtangazaji wa redio hata anatuaibisha sisi wenyewe. Mimi nilijifunza utotoni pale mpakani Isebania, tukiuza ndizi kwa Watanzania, watu ambao ukikosea neno wanakucheka huku wanakupunja. Basi asiwepo wa kutoka humu akasema hakuelewa, wala asiwepo wa kuniambia nipumzike, kwa maana kupumzika kunakuja kwenyewe.

Jambo lenyewe ni huyu Cate. Ni mtoto wa marehemu Lynnet, binti yangu wa pekee, dada yenu, aliyekwenda Amerika kusomea uuguzi akaolewa huko na Tony, kijana wa watu wanaoitwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi ile, na akafia huko mwaka juzi. Siku mlipomkaribisha Cate hapa nyumbani, mimi nikiwa tayari hospitalini, Levi ulisimama mbele ya watu wa kanisa kama kifungua mimba apasavyo, ukaihesabu nyumba ya baba yako: Matunga aliyevuka ziwa akamzaa Kisaka, Kisaka akamzaa Kasera, Kasera akamzaa Cephas, na Cephas akatuzaa sisi, kisha ukawataja wajukuu, wakubwa kwa wadogo, hata yule wa Maxwell anayenyonya bado. Mtoto huyu akangoja. Ulipoketi akauliza kwa adabu, "Na mimi, mjomba?" Nawe kwa adabu vilevile ukamjibu kwamba yeye ni wa kwa baba yake, na hapa ni mgeni wetu wa heshima. Watu wakapiga makofi, mkala samaki.

Alikuja kunisimulia kitandani. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Alisema tu, "Dani, bibi yangu, kule wananipenda, lakini ukoo wanaufuata kwa mama, na mama hakuwa wa kwao, kwa hiyo ukoo sina. Nikaja huku, nikaambiwa huku mnaufuata kwa baba. Sasa mimi ni wa nani?" Wanangu, neno hilo limenikalia kifuani kuliko maji ambayo madaktari wanasema yamo humo. Mtu anaweza kukosa shamba akaishi, anaweza kukosa hata mzazi akaishi, lakini mtu akitajiwa watu wote wa dunia na jina lake lisitokee popote, huyo anaishi kama nani? Nimekataa kufa na swali hilo mkononi. Nitalijibu leo, na nitalijibu kwa sheria, si kwa huruma, kwa sababu najua Levi huruma utaniitikia leo na kesho utaizika pamoja nami.

Tuanzie siku wakwe walipokuja. Maxwell ulikuwa kwenye samaki, lakini wewe Levi ulikuwepo. Cephas alikuwa amewaita wazee wa ukoo, wamevaa makoti katika lile joto, na wote wanangoja kumwona baba ya Tony na baba zake wadogo, kwa sababu ndio wanaokuja kusema habari ya mke. Gari likafika kutoka Homa Bay. Wakashuka Tony na Lynnet, akashuka mama yake Tony, Liz, mwanamke mnene wa sauti ndogo, akashuka ndugu yake Liz aitwaye Oliver, na nyuma yao akashuka Chrispine, dereva waliyemkodi mjini, mtu mzima mwenye mvi. Baba ya Tony hayupo. Wazee wakatazamana, wakaona mvi za Chrispine, wakasema moyoni huyu ndiye. Wakamkalisha kwenye kiti cha mkono, wakamnawisha wa kwanza, wakampa na firigisi. Chrispine naye, mtu wa adabu au mtu wa njaa, sijui, akaitafuna firigisi yote akashukuru. Oliver, mwenye shughuli yenyewe, akakalishwa kwenye benchi karibu na mlango na kupewa shingo.

Nilicheka siku ile na ninacheka leo, ingawa kucheka kunaniuma. Lakini kosa lile lilikuwa na mzizi. Kwetu sisi mwenye mtoto ni baba, kwa hiyo tulimtafuta baba. Kwao mwenye mtoto ni mama na watu wa mama, na mkubwa wa kiume wa mtoto, anayemfunza, anayemkanya, anayekwenda kumsemea, ni mjomba. Oliver ndiye aliyemlea Tony kwa mila yao. Hawakutudharau kwa kumwacha baba nyumbani. Walikuwa wametuletea mtu mkubwa kuliko wote, nasi tukampa shingo ya kuku.

Jikoni ndiko nilikozijua habari zao. Liz hakukubali kukaa sebuleni. Alivua viatu akaja kunisaidia kumenya mihogo, na Lynnet akiwa katikati yetu akitafsiri, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kiswahili, mpaka mkono wake wenyewe ukasahau kumenya. Liz akaniambia kwamba watu wao wana koo saba, na yeye ni wa ukoo wa Mbwa Mwitu, na kwamba mtu hawezi kuoa wa ukoo wake hata wakipendana namna gani. Nikamwambia, hilo hata sisi. Akasema zamani nyumba na shamba la mahindi vilikuwa vya mwanamke, na mwanamume akioa ndiye anayehama kwenda kwa mke. Nikamwambia, hilo hapana, na hawa wanaume walioko sebuleni usiwaambie kabla hawajashiba. Tukacheka kama tuliocheza pamoja utotoni.

Kisha akanieleza walivyofukuzwa. Nchi yao haikuwa Oklahoma. Ilikuwa mashariki ya mbali, nchi ya vilima na mito, na makaburi ya wazee wao yako huko. Wazungu wakaitaka nchi ile, na dhahabu ilipoonekana ndiyo wakaitaka zaidi. Watu wachache miongoni mwa Wacherokee, ambao taifa halikuwatuma, wakatia sahihi kwamba wote watahama. Wengi wakakataa, wakaandika, wakalalamika, na haikufaa kitu. Wakaja askari na bunduki, wakawatoa watu majumbani chakula kikiwa mezani, wakawafungia kambini kiangazi kizima, halafu wakawapeleka magharibi, wengi wao kwa miguu, wakati wa baridi ile ya kwao inayofanya maji yawe mawe. Walikufa maelfu. Wanasema labda mtu mmoja katika kila wanne, na watoto na wazee ndio waliotangulia. Njia ile mpaka leo wanaiita kwa machozi waliyoyamwaga. Bibi ya bibi yake Liz aliitembea akiwa msichana mdogo, na alipofika alikuwa amebaki na mama tu, na Liz akaniambia, "Lakini kwa kuwa mama alibaki, ukoo ulibaki."

Nami nikamwambia ya kwetu, kwa sababu mgeni akikuonyesha kovu lake hufichi la kwako. Nikamwambia kwamba watu wa Cephas ni Wasuba, waliovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda wakikimbia vita vya wakubwa, na kwamba kwa vile wapiganapo tembo zinazoumia ni nyasi, walitafuta pa kuotea upya, wengine visiwani, wengine huku Gwassi. Nikamwambia malale yalivyoua watu pwani hii enzi za wakoloni, na mbung'o walivyowatoa watu bonde la Lambwe, wakaacha mahame ambayo sasa wanatembea twiga. Nikamwambia Wasuba walivyokaa na Wajaluo, wakaoana nao, mpaka lugha yao ikaisha mdomoni bila mtu kuipiga marufuku. Mama yake Cephas alisali kwa Kisuba. Cephas alikijua cha kuhesabia mitego na kutukania tu. Na ninyi, wanangu, hata matusi hamkurithi. Liz akasema kwao watoto walipelekwa shule za bweni wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao, lakini inayo maandishi yake, yaliyobuniwa na mtu wao wenyewe ambaye hakujua kusoma Kiingereza, na sasa vijana wanajifunza tena. Nikamwonea wivu, nasema kweli. Nikasema lugha imetutoka, lakini tumebaki na majina, kila mtu hapa anaweza kukutajia babu zake mpaka yule aliyevuka maji. Liz akaacha kisu akaniangalia, akasema, "Basi shikeni hayo."

Sasa tukarudi sebuleni kwenye habari ya ng'ombe, na hapa Levi ndipo ninapotaka masikio yako yote. Wazee walitaja ng'ombe wa Lynnet. Oliver, akiisha kukalishwa kwenye kiti cha mkono, Chrispine akiwa ameondolewa kwa heshima, alisimama akasema, na Lynnet ndiye aliyetafsiri habari yake mwenyewe, maskini, macho chini. Alisema: "Tumeleta blanketi, kwa sababu kwetu wawili wakioana hufunikwa blanketi moja. Ng'ombe hatukatai kwa ubahili. Tunaogopa kuwadanganya. Nimeelezwa kwamba kwenu ng'ombe ndio wanaomhamisha mtoto kutoka nyumba ya mama kwenda nyumba ya baba. Sisi hatuwezi kuwachukua watoto wa binti yenu. Kwa sheria yetu, mtoto ni wa watu wa mama yake." Wazee wakanung'unika kwamba hawajapata kusikia ukwe wa namna hii. Cephas akasema, "Kama mtoto ni wetu, ng'ombe wa nini? Wabaki kwao." Wakashikana mikono. Yule ng'ombe mmoja ambaye Tony alimnunua sokoni kesho yake ili wazee wasirudi na midomo mikavu, tulimchinja, tukamla, na ngozi akaichukua jirani. Ng'ombe wa mahari huingia zizini akalala, akazaa. Ng'ombe aliyeishia sufuriani ni kitoweo, na wewe Levi unalijua hilo, kwa sababu ulishika mguu wa nyuma.

Hebu sasa pimeni wenyewe. Kwa sheria ya baba yake, Cate ni wa watu wa mama yake, na mama yake alikuwa binti wa Cephas wa Kasera. Kwa sheria yetu, mtoto ambaye ng'ombe hawakutoka kwa ajili ya mama yake ni wa nyumba aliyozaliwa mama yake, na nyumba hiyo ndiyo hii. Kule wakasema "hatuna haki ya kumchukua," huku tukasikia "hatumtaki." Huku tukasema "mtoto hufuata baba," tukasahau kwamba hufuata nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe hawakutembea. Sheria mbili, moja ya waliotembea kwenye theluji na moja ya waliovuka ziwa, zote zinamleta mtoto huyu mlango mmoja, na sisi tumeufunga kwa ndani tukimwambia karibu mgeni. Hata mgeni mwenyewe siku ya tatu hupewa jembe. Huyu mmemkalisha wiki tatu kwenye kochi mkimpa soda.

Na Levi, najua kwa nini ulifanya hivyo. Wako wanaodhani ni shamba. Labda shamba limo, kidogo, kama chumvi kwenye mboga, mimi ndiye niliyekuzaa. Lakini kubwa si hilo. Tangu simu ile ya msiba ilipokuja, umewaambia watu wote, msibani, kanisani, sokoni hapa Kisegi, kwamba dada yako alitolewa mahari, ng'ombe waliingia, aliolewa kwa heshima. Ulisema hivyo kwa sababu huku kwetu binti asiyetolewa ng'ombe, akifa, hurudishwa akazikwa nje ya boma kama aliyekosa kwao, na hukutaka mtu amseme Lynnet hivyo. Umekuwa ukisimama mlangoni kumlinda aliyekwisha kufa. Nimekuona mwanangu, na nimekupenda zaidi kwa hilo. Lakini heshima ya Lynnet umeilipa kwa mtoto wake. Kila ukisema ng'ombe waliingia, unamsukuma Cate nje hatua moja, na Lynnet angekuwa hapa, yeye aliyekuwa akikurushia mwiko kwa makosa madogo kuliko hili, unajua angekufanya nini.

Tena nani amesema hakuolewa? Aliolewa kwa mila ya mume, amelala kando ya watu wa Liz, kaburi lake lina jiwe na maua, Cate ametuonyesha kwenye simu. Wenye midomo waseme. La kusemwa lina mwisho.

Mkiniuliza mimi mwanamke niliyeletwa hapa kutoka Kuria ninapata wapi ujasiri wa kusema habari za ukoo wa wanaume, nitawaambia mlilolisikia nusu nusu. Nchagwa, ambaye mimi huitwa binti yake, alikufa kabla mama yangu hajafika katika boma lile. Mjane wake, Mong'ina, alikuwa amezaa wasichana watupu, wakaolewa, zizi likajaa ng'ombe na nyumba ikabaki bila wa kuitikia jina. Akafanya wanavyofanya Wakuria nyumba ikiwa hivyo: akatoa ng'ombe wake, akamwoa mama yangu awe mke wa nyumba, azae watoto kwa jina la Nchagwa. Baba aliyenizaa kwa damu sikumjua wala sikumtafuta. Mong'ina ndiye aliyenipa jina, ndiye aliyenichapa, ndiye aliyekaa na wazee wa kiume akapokea ng'ombe wangu Cephas alipokuja, akawakagua meno mmoja mmoja akamrudisha mmoja. Hakuna mtu Kehancha nzima aliyewahi kuniuliza kama mimi ni wa Nchagwa. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea huanza kwa kumwambia mtoto, wewe ni wetu. Nusu ya damu yenu, wanangu, imetoka katika nyumba iliyojengwa na mwanamke kwa neno lake na ng'ombe wake, nayo haijawahi kuwavujia.

Nipe maji, Pauline. Kidogo tu.

Basi agizo langu ni hili. Uwanja ule kati ya nyumba ya Levi na banda la nyavu, ambao Cephas hakuugawa, nami nikauacha ulimwe sukuma wiki tu, ni uwanja wa Lynnet, na leo ni wa Cate. Akijenga ajenge, asipojenga sukuma wiki ziendelee, lakini pasiitwe pengine. Shamba la Lambwe lilikuwa jasho langu mwenyewe, mihogo yangu na omena wangu, dagaa wa ziwani niliowaanika mwenyewe. Hilo nawaachia nyote watatu, Levi, Maxwell na Cate, mle pamoja, na asiuze mtu hata kipande, maana ardhi ile mbung'o waliwahi kutunyang'anya na tukairudia kwa shida. Cherehani ni ya Pauline. Alinifulia na kunigeuza kitandani kuliko mtoto niliyemzaa, na sitaki kusikia kwamba cherehani ni ya familia.

Na ile mashua. Nimechoka na ile mashua. Cephas aliandika jina la Maxwell ubavuni kwa sababu fundi wa rangi alifika siku ambayo Maxwell ndiye alikuwepo, wala hakukuwa na siri nyingine, lakini wewe Levi hujakanyaga ndani yake tangu siku hiyo, mtu mzima mwenye wajukuu, ukipanda mashua za watu ya kwenu ikipita. Na wewe Maxwell, badala ya kumwita ndugu yako, ukanunua rangi ukalikoleza. Nikishazikwa, ipakeni upya, ipeni jina la baba yenu, mpande wote wawili, na atakayenuna aogelee.

Cate, sogea. Mkono wako baridi, au wangu ndio baridi. Sikiliza nyakwara, mjukuu wangu. Usirudi Oklahoma ukawaambia wale kwamba huwahitaji kwa sababu umepata ukoo. Taifa lao limekuandika raia wake, kwa haki, kwa kuwa umetoka kwa watu waliotembea njia ile; hilo lishike. Ukoo wa Mbwa Mwitu ni ukoo wa baba yako, uuheshimu, uwasikilize bibi zako wa huko, ujifunze lugha ile mpaka uote ndoto ndani yake, usije ukawa kama sisi. Lakini wakikuuliza tena una ukoo gani, usiseme huna. Sema ukoo wangu ni wa mama yangu kama mila yenu inavyotaka, ni wa Matunga wa Wasuba wa Kisegi, na ninaye mjomba. Msalimu Liz. Mwambie mihogo ya mwaka huu ilikuwa na nyuzi nyingi, lakini tulikula.

Mnizike upande wangu, kando ya Cephas. Msinifanyie maturubai ya kukodi mengi. Mvua ikinyesha watu waende nyumbani. Udongo watupe wana wa nyumba kwanza, na Cate atupe pamoja na wana wa nyumba, si pamoja na wageni. Mungu aliyewapa mababu zenu wa kila upande miguu ya kutembea na mikono ya kupiga kasia awape ninyi nyumba zisizopungua watu, awape maneno ya upole asubuhi, na aliyemkosea mwenzake alale akiwa ameshasema. Amina. Semeni amina.

Levi... sijamaliza na wewe. Nimesema kule kwao mjomba ndiye mkubwa wa mtoto. Ndiye humfunza yeye ni nani. Wewe ndiye Oliver wa mtoto huyu. Sitaki kuahidiwa; walioahidi nimewazika wengi. Nataka kusikia kwa masikio yangu, sasa hivi, ukihesabu. Usitazame chini. Anzia kwa Matunga.

Ndiyo. Kisaka... Ndiyo. Kasera. Polepole baba, sina haraka, nami siendi kabla hujafika. Cephas. Na watoto wa Cephas?

Sema jina lake, Levi. Tangu msiba hujalisema, unasema "marehemu," unasema "dada." Alikuwa na jina, mimi ndiye niliyempa. Sema.

Lynnet. Eeh.

Na Lynnet akamzaa nani?

Mwache alie, Cate, mshike hivyohivyo. Ataliweza. Sema, mwanangu... kwa sauti. Masikio yangu yanakwenda mbali.

Tena.